Karatasi ya Ngazini

Kuta za jengo letu ni nyembamba kama ganda la kitunguu.
Mtu akipiga chafya ghorofa ya pili,
wa ghorofa ya tano humwambia: afya.
Basi nikaona, kama muziki wangu lazima wausikie,
angalau wajue ni nini kinachowasumbua.

Nikabandika karatasi kando ya masanduku ya barua,
na kalamu nikaifunga kwa uzi:
"Fleti namba tisa. Ojars, fundi umeme wa tramu, mstaafu.
Leo jioni: mazeze manne na mpiga kinanda mwenye haraka.
Spika mbili za mbao, za mwaka niliooa.
Ya kushoto ina mafua."

Siku ya kwanza, kimya.
Ya pili, mtu kachora paka.
Ya tatu, Renars, yule kijana wa namba kumi na mbili
ambaye besi yake hutembeza vikombe kabatini mwangu,
kaandika kwa wino wa kijani:
"Mimi jana ni ngoma za mashine, saa sita usiku. Najua. Samahani.
Lakini ulisikia ule mlio kama mlango wa friji?
Niliurekodi mwenyewe. Ni mlango wa friji."

Nilicheka peke yangu ngazini, mfuko wa viazi mkononi.

Ikabidi kuongeza karatasi.
Mama wa wale pacha: "Nyimbo za kubembeleza, mara kumi na moja.
Aliyelala ni mimi."
Mtu wa juu kabisa: "Kwaya, redioni.
Betri zimekufa kabla ya amina."
Nje upepo wa Liepaja, ule usiobisha hodi,
ukisaga theluji dhidi ya vioo,
na sisi ndani, kila mmoja na mlango wake umefungwa,
tukijuana kwa masikio.

Kisha Vizma, namba kumi na tatu, juu yangu,
herufi zimenyooka kama za ubaoni:
"Santuri yako ya Jumapili, upande wa pili.
Baada ya wimbo wa pili nasikia sindano ikiinuliwa,
halafu unaanza wa nne.
Wa tatu una nini?"

Nilisimama pale mpaka taa ya ngazi ikajizima.
Nikaandika gizani: "Una mkwaruzo."

Santuri ile haina hata alama ya ukucha.
Mirdza aliishika kwa viganja, kwenye kingo,
kama abebaye sahani ya supu iliyofurika,
na wimbo wa tatu aliufuata kwa mluzi,
mluzi mbovu, nusu ngazi chini,
miaka thelathini na minane nikimwambia:
Mirdza, tafadhali, nasikiliza.

Sasa hakuna anayenikatiza.

Jumapili iliyofuata niliinua sindano kama kawaida.
Wimbo wa tatu ukaja.
Si kwangu. Ulishuka kupitia dari,
kutoka spika ndogo, ya jikoni nadhani,
iliyolazwa kifudifudi sakafuni ili inifikie.
Kumbe anayo. Miaka yote hii anayo santuri ileile.
Ulifika umevuliwa nusu, maneno yameliwa na zege,
kama mtu anayesema kitu cha maana
akiwa bado ndani ya blanketi.

Na pale ambapo vyombo vyote hukoma,
pana nafasi ya pumzi mbili hapo, si zaidi,
nilikuta midomo yangu imejikunja.
Nusu ngazi chini.
Sikuwahi kujua kwamba nimejifunza.

Asubuhi, zile herufi zilizonyooka:
"Wa tatu ni mzima. Ila katikati nimesikia mluzi.
Kwangu haumo. Ni nani?"

Na chini yake, kwa wino wa kijani, kabla sijafika:
"Friji."

Niliishika kalamu kwa muda.
Nikaiachia ining'inie kwenye uzi wake.